Beki Kiraka

Ndugu msomaji, huenda nawe unaye nyumbani mtu ambaye kazi yake haina jina. Baba yangu alikuwa wa namna hiyo. Katika stesheni ya Mpanda, mwisho wa ile reli itokayo Kaliua, iliyojengwa kwa ajili ya madini ya risasi, alipakua mizigo, akabadili njia za mabehewa, akafagia jukwaa, na usiku akalinda ghala. Nikiwa darasa la tano, mwalimu aliniuliza kazi ya mzazi wangu. Nilijibu kwamba ni mkuu wa stesheni. Mji ulikuwa mdogo. Uongo ule ulimfikia kabla jua halijatua. Hakunichapa. Alikula chakula chake kimya, nami kimya kile nakisikia hata leo.

Hayo hunijia kila nimfikiriapo Erasto Nyoni, ambaye ni wa rika langu. Juni 16, 2007, akiwa na umri wa miaka 19, ndiye aliyefunga bao pekee tulipoishinda Burkina Faso mjini Ouagadougou. Baba nami tulilipokea bao lile redioni, naye akaruka kama mtoto. Furaha haikudumu. Septemba mwaka huo Msumbiji walitufunga 1-0 Dar es Salaam, na safari ya Ghana ya mwaka 2008 ikaishia hapo.

Nyoni alibaki. Beki wa kulia akikosekana, aliitwa yeye. Wa kushoto akiumia, yeye. Beki wa kati, kiungo, yeye tena. Wapenzi wa kandanda wakampa jina la kiraka. Jina hilo, msomaji, lina heshima ya mashaka kidogo, maana hakuna anunuaye suruali kwa kupenda viraka. Lakini alikuwamo Azam ilipotwaa ubingwa wa 2013/14 pasipo kufungwa mchezo hata mmoja. Mwaka 2017 alihamia Simba, wakachukua ubingwa misimu minne mfululizo. Baadaye akaenda Namungo ya Ruangwa.

Machi 24, 2019 nilikuwa likizoni Mpanda. Baba alikwisha kustaafu, na macho yake yalianza kufifia, hivyo nilimsomea majina yaliyotokea kwenye televisheni. Tulikuwa tunacheza na Uganda, tukihitaji kurejea katika Fainali za Mataifa ya Afrika ambazo hatukuzigusa tangu Lagos, 1980. (Huko Misri tulikwenda kufungwa michezo yote mitatu, lakini jioni ile nani angejali?) Simon Msuva alikuwa amekwisha kufunga la kwanza. Kipindi cha pili tukapata penalti.

"Nani anaupiga?" Baba akauliza.

"Nyoni."

"Yule wa Ouagadougou?"

"Yule yule, Baba. Miaka kumi na miwili."

Mpira ukaingia wavuni. Nyumba za jirani zikalipuka kwa vifijo, na dakika chache baadaye Aggrey Morris akafunga la tatu. Kelele zilipopungua Baba alinigeukia.

"Huyu kijana hasa anacheza nafasi gani?"

Nikamwambia kwamba hana nafasi moja. Popote palipo na pengo, hupelekwa yeye.

Akatikisa kichwa taratibu, kisha nikaona tabasamu ambalo nililisubiri tangu darasa la tano.

"Kumbe," akasema, "ni mkuu wa stesheni."