Kitabu cha Madrasa: Tumpe Mchapishaji au Tukachape Wenyewe?



 Leo tungependa kuzungumzia jambo ambalo tumeulizwa mara nyingi na walimu wenzetu, na pia na vijana wetu wanaosoma vyuo vya Mbarara. Mtu akishamaliza kuandika kitabu, je, ampelekee mchapishaji mwenye kampuni na kusubiri, au akachape mwenyewe kwa pesa zake? Swali hili limetufika na sisi, na kwa kuwa tumelipitia hatua kwa hatua, tumeona si vibaya tukawashirikisha tuliyojifunza.

Haja ilivyoanza

Watoto tunaowafundisha hapa Nakivale wametoka Kongo, Burundi, Rwanda na Somalia. Kila mmoja ana lugha ya nyumbani kwao, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha darasani. Vitabu vya fiqhi vya Kiswahili tulivyo navyo viliandikwa pwani, na ni vitabu vizuri, Allaah Awalipe kheri waandishi wake. Tatizo ni kwamba nakala moja husomwa na watoto kumi au zaidi, na nyingine ni fotokopi ya fotokopi, irabu za Kiarabu zimeshafutika.

Kisha kuna suala la mifano. Tukifundisha zaka ya mifugo kwa mfano wa ngamia, mtoto wa Kisomali huelewa kwa sababu amesimuliwa na babu yake, lakini wenzake hubaki wakicheka. Tukitaja ng'ombe 30, ambao ndio nisabu ya ng'ombe, hapo darasa zima hutulia, kwani ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu wanapita karibu na madrasa kila siku. Kwa hiyo, mwaka baada ya mwaka, tulikusanya masomo yetu hadi yakafika kurasa 61.

Mchapishaji mmoja aliusoma mswada akaupenda. Masharti yake yalikuwa hivi: gharama zote juu yake, sisi tupate mrabaha wa asilimia 10 ya bei ya kitabu, kitabu kitoke baada ya mwaka mmoja au miwili, na haki zote, kwa lugha zote na kwa muda wote, ziwe zake. Upande wa pili wazazi walituambia: "Maustadhi, sisi tutachanga, nendeni mkachape Mbarara."

Tukawa na uzito moyoni. Wazazi hawa si watu wa mishahara. Tangu Julai 2023 msaada wa chakula kwa wakimbizi Uganda hutolewa kwa kuangalia daraja la uhitaji wa kila kaya, na wako waliopunguziwa sana na waliotolewa kabisa. Shilingi ya mzazi kama huyo ni amana, na mwenye kuipokea ataulizwa.

Wazee wetu walipita njia zote mbili

Wapo wanaodhani kujichapishia ni njia ya aliyekataliwa. Historia ya Waislamu wa Afrika Mashariki haisemi hivyo. Kabla ya mitambo ya chapa, Misahafu ilinakiliwa kwa mkono, na mji wa Siyu katika kisiwa cha Pate ulisifika kwa kazi hiyo. Zanzibar ilipata mtambo wa chapa katika zama za Sultani Barghash (1870–1888), na vitabu vikubwa vya dini vikachapwa kwa gharama ya mtawala.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa (1891–1947), Rahimahullaah, hakusubiri kampuni. Mwaka 1930 alianza kutoa karatasi yake mwenyewe iliyoitwa Sahifa, na 1932 akaanzisha gazeti la Al-Islah. Makala za Sahifa zilikusanywa baadaye katika kitabu kiitwacho Uwongozi. Mwaka 2017 kitabu hicho kilitolewa upya pamoja na tafsiri ya Kiingereza na Brill ya Leiden, Uholanzi, ambayo ni miongoni mwa kampuni za zamani na zenye heshima kubwa katika fani ya elimu ya Kiislamu. Karatasi iliyoanzia Mombasa bila mchapishaji ilipata mchapishaji mkubwa baada ya miaka 87.

Sheikh Abdullah Saleh Farsy (1912–1982), Rahimahullaah, yeye alizikutanisha njia mbili. Tafsiri zake za baadhi ya sura zilitoka kwanza kwa vijitabu, kisha tafsiri kamili, Qurani Takatifu, ikatolewa 1969 na Islamic Foundation ya Nairobi. Kama si taasisi hiyo kuchapa na kusambaza, pengine isingelifika katika nyumba nyingi kiasi hiki.

Hata huku kwetu magharibi mwa Uganda tunao mfano. James Tumusiime, aliyeanzisha kituo cha utamaduni cha Igongo kilichopo Biharwe, Mbarara, ndiye pia aliyeanzisha Fountain Publishers ya Kampala mwaka 1988. Wasomaji wa Uganda walihitaji kampuni ya kwao yenye wahariri na wasambazaji, na mtu mmoja peke yake hawezi kuzibeba kazi hizo kwa nchi nzima.

Hesabu ya pesa

Wengi huanza kwa kuuliza: njia ipi ina faida? Tufanye mfano mwepesi. Tuseme kuchapa nakala moja ni shilingi 3,000 za Uganda. Nakala 200 ni shilingi 600,000. Ukiuza kila nakala kwa 4,000 na zote zikaisha, utapata 800,000, yaani ziada ya 200,000. Sasa tuseme mchapishaji anauza kitabu hicho hicho kwa 10,000 na kukupa asilimia 10. Kila nakala utapata 1,000, na kwa nakala 200 ni shilingi 200,000.

Mmeona, ndugu wasomaji? Mwandishi amepata kiasi kile kile, tena kwa mchapishaji hakuweka mtaji. Na ukijichapishia ukatoa nakala 30 bure kwa mayatima, utauza 170 upate 680,000, ziada inabaki 80,000, na nauli bado haijatolewa. Tofauti kubwa iko kwa mzazi. Kwa njia ya kwanza amelipa 4,000, kwa njia ya pili 10,000. Hatumlaumu mchapishaji, maana ndani ya bei hiyo kuna mhariri, mchoraji wa jalada, duka na gari la kusambaza. Lakini kwa kitabu cha watoto wa makazi ya wakimbizi, bei ndiyo inayoamua kama mtoto atakuwa na nakala yake au ataendelea kuchungulia ya mwenzake.

Kazi haipotei, inahama

Hili ndilo tungependa mlishike zaidi. Kitabu kina kazi nne: kukikagua, kukigharimia, kukichapa na kukifikisha kwa msomaji. Ukimpa mchapishaji, anazibeba yeye. Ukijichapishia, hakuna hata moja inayofutika, zote zinahamia mabegani mwako. Mwenye duka la chapa anachapa alicholetewa. Hakuulizi kama hadithi uliyonukuu ni sahihi wala kama aya imekamilika, na si kazi yake kukuuliza.

Kati ya kazi hizo nne, inayosahauliwa haraka ni ya ukaguzi. Wanavyuoni wetu wa zamani waliijua sana. Walikuwa na desturi ya muqabala: nakala mpya husomwa kwa sauti ikilinganishwa na asili yake, neno kwa neno, kabla haijaaminiwa. Sisi tuliamua kwamba tukiukosa uhariri wa kampuni, basi desturi hii hatutaiacha. Masheikh wawili walisoma mswada, kila mmoja peke yake. Mwalimu wa shule alikagua Kiswahili. Na tulikubaliana na mwenye duka la chapa kwamba atatoa nakala moja kwanza, tuisome, ndipo aendelee na zilizobaki.

Nakala hiyo moja tuliileta Nakivale tukawapa wanafunzi wakubwa waisome kwa zamu, mmoja akiwa na kitabu na mwingine akiwa na Msahafu. Binti wa miaka 12 alifika ukurasa wa dua za udhu akanyamaza. Tukamwambia aendelee. Akasema, "Ustadhi, herufi zimeachana." Kweli, faili lilipofunguliwa katika kompyuta nyingine, herufi za Kiarabu zilikuwa zimekatika na kupangika kinyume, kuanzia kushoto. Aya tatu ziliharibika namna hiyo. Kwa mtu asiyesoma Kiarabu ukurasa ulionekana mzuri tu. Tulirudi Mbarara na faili la PDF lililobeba fonti zake ndani, tukapewa nakala nyingine ya kusoma, na mara hii ilikuwa salama. Fikirieni kama nakala 200 zenye aya zilizovurugika zingeingia majumbani kwa pesa za wazazi!

Haki ya mwandishi, hata akiwa mkimbizi

Tumesikia ndugu wakisema kwamba mkimbizi hana haki juu ya alichokiandika. Hili si kweli. Kifungu cha 14 cha Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ambao Uganda ilijiunga nao 1976, kinampa mkimbizi ulinzi wa kazi zake za uandishi na sanaa sawa na raia wa nchi anayoishi. Na Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya 2006 haikushurutisha usajili ili haki iwepo. Kwa hiyo kabla hujasaini mkataba, jua kwamba unacho kitu cha kukitoa, na uliza unakitoa kwa muda gani na kwa lugha zipi.

Dini yetu haioni aibu katika kuandikiana. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqarah, imehusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Sisi tulimwomba yule mchapishaji achukue Kiswahili peke yake na kwa miaka maalumu, ili Kinyarwanda na Kisomali vibaki mikononi mwa walimu. Alisema masharti yake hayabadiliki. Tukaagana kwa wema, kila mmoja akimwombea mwenzake dua.

Tulivyofanya, na tulichokikosa

Basi tulichapa Mbarara. Michango iliandikwa katika daftari moja, na daftari likawekwa na mama mmoja wa kamati ya wazazi, si na sisi walimu. Mayatima walipata bure. Leo mtoto anakwenda nyumbani na kitabu, na jioni mama yake anamsikiliza.

Lakini haitakuwa uadilifu tukitaja mazuri tu. Kitabu chetu hakipo katika duka lolote la Kampala. Ndugu wa makazi mengine wakikitaka, tunategemea mtu anayesafiri. Wapo wanaopeana picha za kurasa kwa WhatsApp, na thawabu yake tunaitaraji kwa Allaah, lakini picha hizo hazichapi toleo la pili. Kazi ya kufikisha ndiyo iliyotushinda nguvu, na hapo ndipo mchapishaji ana ubora wake. Tukimpata atakayekubali muda maalumu na bei ya mzazi, tutamkaribisha kwa mikono miwili.

Nasaha kwa wenye miswada

1. Kama kitabu chako ni cha nchi nzima au cha mitaala ya shule, mtafute mchapishaji na uwe na subira. Kama ni cha jamaa mnaojuana, kujichapishia kunafaa.

2. Usichape nakala nyingi kwa mara ya kwanza. Kwa mashine za kidijitali nakala chache hazipandishi sana bei ya kila moja. Mtambo mkubwa wa ofseti unaanza kuwa nafuu nakala zikiwa nyingi.

3. Kijitabu cha kubanwa pini katikati kurasa zake lazima zigawanyike kwa 4. Zetu 61 zilibidi ziwe 64, na zile tatu tukazifanya nafasi ya mtoto kuandika jina lake na maswali yake.

4. Namba ya ISBN hutolewa na Maktaba ya Taifa ya Uganda, Kampala. Iombe kabla ya kuchapa ili iingie katika jalada.

5. Andika ndani ya kitabu majina ya waliokikagua, kwa idhini yao. Msomaji ana haki ya kujua nani amebeba dhamana.

6. Usilipe malipo yote kabla ya kusoma nakala ya kwanza, ukurasa kwa ukurasa. Na ukiweza, mpe mtoto aisome. Mtoto hajui kilichokusudiwa kuandikwa, hivyo husoma kilichoandikwa.

Tunamwomba Allaah Aifanye elimu hii kuwa yenye manufaa, Awabariki wazazi waliotoa walichokihitaji, na Awafungulie waandishi wetu milango ya kheri, wawe na mchapishaji au wasiwe naye. Aamiyn.

Wabillaahi Tawfiyq.