Farasi 150 walioshindwa na mlima wa Ngomo

Leo sileti habari za mkutano wala za daraja lililokatika. Naleta kosa langu mwenyewe. Liliwapotezea watu makuta yao, na mpaka sasa hakuna wiki inayopita bila mtu kuniuliza: motokari gani ina nguvu?

Ilikuwa hapa Uvira. Jamaa kumi na mbili za wahami, wengi wao kutoka milima ya Fizi, walikuwa na likelemba yao. Walikusanya dola 4800 ili wanunue motokari ya kupandisha mahindi na mchele wa bonde la Ruzizi hadi Bukavu. Kwa sababu mimi ni mtu wa habari na nasoma Kifaransa, wakaniita niwasomee karatasi za motokari mbili. Mama mweka hazina akaniambia: «Papa, sisi hatujui hizo nambari. Utakachosema ndicho tutakachonunua.»

Ya kwanza ilikuwa ndogo, safi, ya esansi, moteri ya lita 2. Jina lake siliandiki, maana kosa halikuwa lake. Ya pili ilikuwa Land Cruiser ya zamani, ya mazutu, moteri ile ya lita 4.2 isiyo na turbo ambayo mekanisiye wetu wote wanaijua. Milango yake ilikuwa imechakaa na bei yake ilikuwa dola 7500, ila mwenyewe alikubali kulipwa kidogo kidogo.

Komisionere akaweka kidole kwenye karatasi: «Hii ndogo ina farasi 150. Lile zee lina 130 tu. Na hii inafika kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde chache!» Ningemuuliza tu ni wapi kati ya Uvira na Bukavu mtu anaweza kwenda 100. Sikuuliza. Nilisema 150 inazidi 130, wakanunua.

Safari ya kwanza walibeba magunia matano ya kilo 100, shofere, na watu watatu. Mpaka Kamanyola hapakuwa na shida, ni tambarare. Kisha ikaanza Ngomo. Kule chini mko chini ya mita 1000 juu ya bahari, na Bukavu iko karibu mita 1500, na barabara inang'ang'ania ukingo wa mlima. Kwenye kona moja lori lilikuwa limesimama mbele yao. Nao wakasimama. Kuondoka tena ndiko kulikowashinda. Shofere alikanyaga, moteri ikalia, motokari ikasogea hatua mbili na kurudi. Mara ya nne ikanuka kama mpira unaoungua: ambriyaje imekwisha. Waliweka mawe nyuma ya magurudumu, wakashusha magunia, wakalala pale. Mama mweka hazina alikuwemo, na mtoto mgongoni.

Baadaye mekanisiye mmoja mzee alinikalisha chini na ile karatasi. Akaniambia: «Umesoma nusu ya mstari.»

Ilikuwa kweli. Kando ya farasi 150 paliandikwa mizunguko 6000 kwa dakika. Maana yake farasi wote wanatokea tu moteri ikizunguka mara 6000, yaani ikipiga kelele. Chini yake kulikuwa na nambari nyingine, ya nguvu ya kusokota, ile inayogeuza gurudumu: newtoni-mita 192 kwa mizunguko 4000. Na ile Land Cruiser? Newtoni-mita 285, kwa mizunguko 2200 tu.

Mzee alipiga hesabu kwa mkaa ukutani. Farasi ni nguvu ya kusokota mara mizunguko, basi. Kwenye mizunguko 2200, Land Cruiser ina farasi karibu 90 tayari. Ile ndogo, kwenye mizunguko hiyohiyo, haiwezi kupita 60. Ili iondoke mlimani na mzigo, shofere lazima aifanye izunguke sana huku akiachia ambriyaje polepole, na moto wote unaishia kwenye ambriyaje. Land Cruiser ina pia gia ndogo ya pili, ya kutambaa. Nyingine haikuwa nayo.

Kilichonishangaza zaidi ni hiki. Farasi mmoja ni kuinua kilo 75 mita moja kwa sekunde. Motokari na mzigo wake wa jumla ya kilo 2000, ikipanda mlima wa mita 10 kwa kila mita 100, kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, inahitaji farasi 15 hivi tu kwa ule mwinuko, ongeza wachache kwa ajili ya matope. Farasi 15! Tulikuwa tumelipia 150.

Na kwenye urefu huu wetu hewa ni nyepesi. Moteri isiyo na turbo inapoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1000 unazopanda. Zote mbili zilipoteza, lakini moja ilikuwa na akiba.

Kisha akanionyesha mstari ambao hata komisionere hakuugusa: uzito mtupu kilo 1300, uzito wote unaoruhusiwa kilo 1800. Tofauti ni kilo 500, na humo wamo shofere na abiria. Magunia peke yake yalikuwa yameimaliza. Huo mstari ningeweza kuuelewa bila fundi yeyote. Ni kutoa tu, hesabu ya mtoto wa shule ya msingi.

Motokari iliuzwa dola 3100. Nilienda kwenye likelemba kueleza, mlango kwa mlango, jamaa zote kumi na mbili. Mmoja hakunifungulia. Sasa wanalipia nafasi ndani ya Fuso za watu wengine, gunia kwa gunia, na likelemba imeanza upya.

Juzi mama mweka hazina alinipigia simu. Wameonyeshwa motokari nyingine ya mazutu. Nilimwomba anitumie picha ya karatasi yote, si ukurasa wa kwanza tu. Akacheka kidogo, akasema: «Papa, mizunguko nimeshaisoma mwenyewe. Wewe niangalizie uzito.»