Maji ya Mvua Mjini

Uvira ni mji mwembamba. Mbele yake liko ziwa Tanganyika, nyuma yake milima imesimama karibu sana. Mito inashuka toka milimani, inapita katikati ya nyumba za watu, kisha inaingia ziwani. Mmoja wao ni Mulongwe. Katikati ya mwezi wa Aprili 2020 mvua kubwa ilinyesha. Mulongwe ukatoka katika njia yake, ukabeba mawe, miti na nyumba. Watu zaidi ya 30 walikufa, na maelfu walikosa pa kulala.

Wengi husema: mvua ndiyo mbaya. Hiyo ni nusu ya kweli. Penye msitu udongo hunywa maji, huyatoa polepole. Lakini mlima ukikatwa miti, na bonde likijaa mabati na simenti, nani atakunywa? Bati halinywi.

Hapo inaanza kazi ya injinia wa maji ya mvua. Hesabu yake ya kwanza hata ninyi watoto mnaiweza. Mvua ya milimita 1 juu ya meta 1 ya mraba ni lita 1. Basi paa la meta 8 kwa 5, likipata mvua ya milimita 50, linamwaga lita 2,000. Ndiyo mapipa 10 ya lita 200, na ni nyumba moja tu! Mtaa wa nyumba 1,000 je? Mapipa 10,000, yote yanakimbilia mto mmoja.

Mafundi wa zamani walipenda kuyafukuza maji upesi. Walijenga mfereji wa simenti, umenyooka kama kamba. Mtaa wa juu ulikauka, mtaa wa chini ukapata taabu yote. Hiyo si dawa, ni kumpa jirani ugonjwa. Injinia wa leo hutaka maji yachelewe: pipa chini ya paa, shimo la mawe uani, mitaro inayokata mteremko, miti mlimani. Tena kando ya mto huacha nafasi isiyojengwa, maana mto ukijaa unatafuta mahali pa kulala.

Nafasi hiyo ndiyo kazi ngumu. Shimo huchimbwa kwa siku mbili. Lakini mjane aliyejenga ukingoni kwa kukosa kiwanja kingine, atakwenda wapi? Injinia hupima kwa kamba, hupiga vigingi, lakini kigingi hakimjibu mama huyo. Wakuu wa mji wampe kiwanja kwanza, ndipo wamwondoe. Wasipofanya hivyo, kiangazi kikija atarudi na matofali yake, atajenga palepale.