Mwaka wa Lugha

Serikali ya Japani ikimpa kijana ufadhili wa shahada ya kwanza, ule tunaouita MEXT, kwa kawaida haimpeleki chuoni moja kwa moja. Humkalisha kwanza mwaka mzima akisoma Kijapani, Osaka au Tokyo, ndipo ianze miaka minne ya shahada. Kwetu Tanga mwaka huo ulionekana hasara. Shangazi aliwahesabu wenzangu waliokwisha ingia mwaka wa pili Mlimani, akauliza kama kweli nasoma. Mimi nasema ndio mwaka ulionifaa kuliko yote.

Fomu za ofisi ya mtaa, mkataba wa chumba, barua ya bima ya afya, hata ratiba ya takataka, za kuchoma siku yake na chupa siku yake: vyote vimejaa kanji, zile alama za maandishi ya Kijapani. Wapo wenzangu wanaosoma kwa Kiingereza, hodari sana darasani, ambao mpaka mwaka wa tatu bado wanatafuta mtu wa kuwasindikiza hospitali. Siwalaumu, waliambiwa Kiingereza kinatosha. Hakitoshi.

Maabara nayo ina lugha yake. Mwaka wa nne unapewa meza chini ya profesa, lakini anayekufundisha kazi hasa ni senpai, yaani aliyekutangulia kujiunga. Umri hauangaliwi. Senpai wangu nilimzidi miaka miwili, nami niliyelelewa kwa shikamoo nikajikuta nampa heshima mdogo wangu. Ilinikwaza, mpaka nilipomwona akibaki usiku kucha kunisaidia vipimo ambavyo havikumhusu. Heshima ile ilikuwa na wajibu wake, na yeye alikuwa akiutimiza.

Wanaojilipia wana mtihani mwingine. Ada ya kawaida ya vyuo vya taifa ni yen 535,800 kwa mwaka, na viza ya mwanafunzi, ukishapata kibali, inaruhusu kibarua kisichozidi saa 28 kwa wiki wakati wa masomo. Mzazi anayetegemea mwanawe ajisomeshe kwa kibarua cha usiku dukani, naomba apige hesabu upya, aongeze kodi ya chumba, kisha ajiulize mtoto atalala saa ngapi.

Japani imeitangulia Afrika Mashariki kwa saa sita. Kwa hiyo saa yangu ya ukutani, bila kuigusa, inanisomea majira ya nyumbani kwa Kiswahili: mshale ukiwa kwenye moja mchana huku, Tanga ni saa moja asubuhi na mama yuko jikoni. Nimeipenda sana saa hiyo. Ila kujua nyumbani ni saa ngapi hakukufanyi uwepo. Babu alifariki alfajiri, akazikwa alasiri ya siku hiyohiyo kama ilivyo desturi yetu, na hakuna ndege ambayo ingeniwahisha. Hakuna ufadhili unaolipia hilo.

Sasa profesa ananitaka nibaki kwa shahada ya uzamili, miaka miwili. Mama anataka nirudi, na amelisema wazi. Nimekubali kubaki, lakini nimeomba utafiti wangu uwe juu ya chumvi katika maji ya visima vya pwani yetu, profesa ameridhia, na Agosti chuo kikifunga nitakuwa Tanga nikichota sampuli.