Vidole Chini ya Hadubini, Innsbruck

Mji wa Innsbruck umebanwa ndani ya bonde la mto Inn, mita 574 juu ya usawa wa bahari. Upande wa kaskazini, milima ya Nordkette inapanda ghafla nyuma ya mapaa ya nyumba hadi kupita mita 2,300. Ndege zikija kutua hupita katikati ya bonde, milima kulia na kushoto. Katika nchi ya vitu vikubwa namna hii, nimekuja kuona kiwanda cha Austria ambacho bidhaa yake inaenea kiganjani: kifaa kinachopandikizwa ndani ya sikio la mtu asiyesikia.

Mlangoni hakuna moshi wala king'ora. Kuna baiskeli zilizoegeshwa, vioo virefu na harufu ya kahawa. Mwenyeji wangu, mama wa makamo, ananivalisha koti jeupe, kofia ya kufunika nywele, barakoa na mifuko ya viatu. Kisha ananizungusha na kunikagua mgongoni kabla ya kufungua mlango wa pili.

Ndani kunanuka spiriti. Hewa inachujwa na kusukumwa bila kukoma, na mvumo wake ndio sauti pekee. Wafanyakazi, wengi wao wanawake, wameinamia hadubini safu kwa safu, viganja vimeegemezwa mezani visitetemeke.

Mmoja ananipisha nichungulie. Kwa macho matupu nilidhani meza ni tupu. Kwenye lenzi natokezewa na nyaya za platinamu na iridiamu, zimekunjwa mawimbi mawimbi tangu mwanzo hadi mwisho ili zipindike bila kukatika. Anarudi kitini, anashika mmoja kwa kibano, anaulaza ndani ya kalibu, anaushusha mwingine ubavuni mwake. Baadaye zote zitafunikwa kwa silikoni ziwe uzi mmoja laini. Mashine za kuchomelea na kupima zipo, lakini kulaza nyaya hizi bado ni kazi ya vidole.

Ulaini huo una sababu. Koklea, ile sehemu ya ndani ya sikio inayopokea sauti, ina ukubwa wa punje ya njegere. Imejiviringa mara mbili na nusu, na ikinyooshwa hufika milimita 35 hivi. Ndani yake mna seli za vinyweleo zipatazo 15,000 ambazo huigeuza mitikisiko kuwa ishara za neva. Kwa binadamu, zikifa hazioti tena. Kifaa huziruka na kuiamsha neva kwa umeme. Sauti nyembamba hupokelewa karibu na mlango wa koklea, na nzito ndani kabisa. Kwa hiyo uzi mrefu zaidi ninaoonyeshwa una milimita 31.5, na njia 12 za umeme zimegawanywa katika urefu huo.

Chumba kinachofuata ni cha makasha ya titani yanayobeba saketi. Yanajaribiwa kwa heliamu, gesi inayopenya hata ufa usioonekana, kwa sababu majimaji ya mwili yakiingia, mgonjwa atarudi tena kwenye meza ya upasuaji. Kasha halina betri. Umeme na sauti hupita kwenye ngozi kutoka kwa koili ya nje, iliyoshikiliwa na sumaku juu ya sikio.

Mwishoni naketishwa kusikiliza rekodi inayoiga kile kinachopita katika njia 12. Ni mkwaruzo mtupu, sitambui neno. Inarudiwa, bado. Mwenyeji ananionyesha sentensi imeandikwa kwenye karatasi, anacheza rekodi ile ile, na kila neno linatoka wazi. Rekodi haikubadilika. Ubongo wangu ndio uliopata pa kushikia.

Mtoto aliyezaliwa kiziwi hana karatasi hiyo. Awe Vienna, ambako kimojawapo cha vifaa vya mwanzo vya aina hii kilipandikizwa mwaka 1977, au Dar es Salaam, ambako upasuaji huu ulianza 2017, atahitaji mtu wa kumrudia neno moja asubuhi, mchana na jioni kwa miezi mingi. Atahitaji mtaalamu wa kupima kiasi cha umeme katika kila njia, na mzazi mwenye uhakika wa kupata betri za kifaa cha nje mwezi ujao na mwezi wa baada yake.