Kwani Umezaliwa Jana?

Mdogo wangu ni fundi simu Tunduma. Mwaka 2022 alikuwa bado anajifunza: meza moja ya mbao kando ya barabara ya kwenda mpakani, mwavuli uliopauka, na blowa ya mtumba aliyoinunua kwa kudunduliza. Wateja wake wengi walikuwa madereva wa malori. Kama umewahi kupita kwetu unaijua ile foleni. Ikinoga inafika mpaka Mpemba, na dereva anayesubiri zamu yake kuvuka hana kingine cha kumliwaza zaidi ya simu.

Siku hiyo alikuja dereva mmoja wa makamo, anatokea Kongo na shaba, anakwenda bandari ya Dar. Simu yake haiwaki. Alisema jambo moja tu: "Dogo, hata kioo kikipasuka sijali. Mle ndani kuna sauti za mama yangu, alinitumia kabla hajafariki. Nitolee hizo."

Dogo akaona mzigo huu ni mzito kuliko yeye. Akakimbilia kundi la WhatsApp la mafundi, wa Mbeya, wa kwetu, na wengine wa Nakonde ng'ambo ya pili. Akaandika: "Habari zenu wakubwa." Kimya. Baada ya dakika kumi: "Kuna mtu?" Kimya. Mwishowe akaandika: "Simu haiwaki nifanyeje."

Hapo ndipo mkubwa mmoja, fundi anayeheshimika kweli, akajibu: "Kwani umezaliwa jana? Google ipo." Zikafuata sura za kucheka, nilizihesabu baadaye, 23. Mwingine akatupia picha ya jembe: "Rudi Mbozi ukalime kahawa." Vicheko tena.

Dogo akajitoa kundini. Akawasha blowa, akaipasha moto bodi kwa kubahatisha, kama alivyowahi kuona kwenye video. Ile chipu inayotunza picha na sauti imekaa pale pale kwenye bodi, na joto likizidi inakufa. Ikafa. Dereva hakugombana naye. Aliifunga simu yake kwenye leso, akasema "haya," akarudi kwenye lori.

Mimi niko Dar, zaidi ya kilomita 900 kutoka hapo. Nilisimuliwa usiku kwa simu, mtoto wa kiume analia kwikwi. We acha tu. Nilimwambia anitumie picha za mazungumzo yote, nikapanga kumtafuta yule mkubwa nimchane live. Nani kamwambia ufundi ni kiburi?

Ila nilipoyasoma kwa utulivu, jicho la uhariri likanisaliti. Swali la mdogo wangu lilikuwa bovu. Simu gani? Iliingia maji au ilianguka? Ukichomeka chaji inapata joto au imelala tu? Ukiiweka kwenye pawa saplai, sindano inapanda hata kabla hujabonyeza kitufe, dalili ya shoti, au haitikisiki kabisa? Umeshagusa nini? Na lile kubwa kuliko yote, kwamba mteja anataka sauti na siyo simu, hakuliandika. Angeandika hilo tu, fundi yeyote mwenye akili angemwambia weka blowa chini. Hata daktari ukimwambia "naumwa" ukanyamaza, atakuangalia.

Nikamuuliza kwa nini hakueleza. Akasema, "Dada, niliogopa wakijua nimeshaifungua watanicheka." Kwa hiyo alificha ili asichekwe, na akachekwa kwa kuficha.

Halafu kuna hili la salamu, ambalo naomba tuelewane. Sisi tumelelewa kupiga hodi. Huwezi kuingia uani kwa mtu ukaanza "nipe chumvi." Hata ukivuka Nakonde unaanza na "mulishani" ndipo uulize bei. Sasa dogo alipiga hodi, akasimama mlangoni akisubiri karibu, kama mama alivyomfunza. Wenzake wana simu 15 mezani, wanaona "habari zenu" wanaipita, maana hawajui kinachofuata ni shida au porojo. Hakuna aliyekosa adabu hapo. Dawa ni kuweka salamu na shida kwenye ujumbe mmoja: hodi wakubwa, nina simu aina fulani, imefanya hivi, nimejaribu hivi, mteja anataka hiki. Basi.

Na umri nao! Kwenye haya makundi bingwa anaweza kuwa kijana wa miaka 22 na muulizaji mzee wa 50 aliyehamia kwenye simu kutoka kwenye redio. Nani amwamkie nani? Nimeona kijana akimjibu mzee wa namna hiyo "soma juu," neno ambalo asingethubutu kumwambia ana kwa ana pale stendi. Kioo kinatuondolea nywele nyeupe za mtu.

Msidhani huu ni ushamba wetu peke yetu. Mmarekani Eric Raymond aliandika mwongozo mrefu mwaka 2001 wa namna ya kuwauliza wataalamu wa kompyuta: tafuta kwanza mwenyewe, eleza dalili siyo ubashiri wako, na ukipata suluhisho rudi useme. Mengi ni ya kweli, hasa hilo la kurudi. Watu wanauliza, wanasaidiwa, wanapotea, kesho mwingine anakuja na tatizo lile lile na hakuna anayejua la jana liliishaje. Lakini mzigo wote ukimbebesha mgeni, wakubwa wanapata kisingizio. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, ile iliyo ndani ya kila simu ya Android hapo Tunduma, kwa miaka mingi alikuwa akiwaporomoshea wenzake matusi kwenye barua pepe. Septemba 2018 aliwaomba radhi kwa maandishi, akakaa pembeni kwa muda ili ajifunze kuelewa hisia za watu. Kama yeye aliweza, wewe mwenye kibanda unashindwa nini?

Kusema ukweli, swali hilo nilikuwa najiuliza mimi. Miezi michache kabla, binti mmoja wa Vwawa alinitumia makala yake ya kwanza. Ilikuwa na makosa mengi, na nilikuwa nafunga kurasa za mwezi. Nikamjibu kwa sentensi moja: "Jifunze kwanza kuandika Kiswahili, ndipo utume." Digrii yangu ya mawasiliano hiyo. Hata neno "asante kwa kutuma" lilinishinda. Nilijiona nimemsaidia, tena kwa ufupi. Usiku ule, nikiwa na jembe la WhatsApp mbele ya macho, nikalikumbuka jibu langu, nikaacha kumtafuta yule mkubwa.

Dogo aliingia kundi lingine. Swali lake la kwanza huko alinitumia mimi kwanza nilipitie. Lilikuwa na aina ya simu, picha mbili za bodi, vipimo vya mita, na mwisho: "Hapa nilipokosea ni kuongeza joto bila kupima." Sikugusa hata nukta. Fundi mmoja wa Lusaka alimjibu kwa Kiswahili cha kuungaunga, akimwuliza maswali matatu kabla ya kutoa jibu, na akakiri la nne hajui. Jioni dogo akarudi kuwaambia imewaka.

Yule dereva hajapita tena pale mezani. Na mimi nilimwandikia binti wa Vwawa ujumbe mrefu, nikamwomba radhi, nikamwambia nitumie tena ile makala tuipitie aya kwa aya. Tiki mbili za bluu zilionekana siku ile ile. Jibu bado.