Aliyedhaniwa Hafai

Katika kazi yangu ya ualimu nimeona ya kuwa mtoto aitwaye mjinga kila siku mwisho husadiki, na shule huiacha. Huko San Antonio, Marekani, mwaka 1984, shirika la elimu liitwalo IDRA lilianza kuwasaidia vijana waliokaribia kuacha masomo, wengi wao Walatino, yaani watu wa nasaba ya Mexico na nchi nyingine za huko. Hawakupewa maonyo tu, bali kazi: kuwafundisha watoto wa madarasa ya chini, tena kwa ujira. Kijana aliyengojewa na wadogo alikuwa na sababu ya kufika shuleni. Na ili afundishe, ilimpasa kwanza asome. Basi, tumwonapo mtoto anayelegea, tusimkemee tu. Tumpe mdogo wa kumwongoza.